Kiti cha Kushoto

Jua lilikuwa linazama vichakani Kiema aliposimamisha Pijo yake mbele ya duka la Faki, kituo cha mwisho kabla ya nyumbani. Hakushuka. Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya gari alilolibadilisha mwenyewe kwa kazi ya posta: mtu unamnyooshea barua zake kupitia dirisha la kushoto, naye anakupa za kupeleka, safari inaendelea.

Faki, mzee aliyezaliwa Lamu akazeekea Mutomo, alikuja na bahasha mkononi. Akaupitisha mkono dirishani... akaurudisha haraka.

"Shikamoo, mama," akasema kwa adabu.

Kiema akageuka. Upande wa kushoto hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na kiti. Palikuwa na sanduku la barua na sakafu ya bati, basi.

Akamuuliza mzee anamsalimia nani. Faki akainama, akachungulia tena ndani, akashusha sauti.

"Mwanangu, mbona umemkalisha chini?"

Kiema alicheka kwa kukosa la kufanya, akatia gea. Lakini njia nzima gari lilikuwa limeinama kushoto, springi zikilia kwenye kila shimo. Na ndani mlinuka mchanga mbichi, ule wa chini kabisa, watu wanapochimba maji mtoni. Mwaka huo wa themanini na nne hapakuwa na kitu kibichi Kitui nzima.

Kiangazi hicho ndicho kilichomwingiza Kiema katika mambo haya. Mbuzi walikuwa wamekwisha, mbegu zimeliwa. Mkewe, Mutindi, alikuwa mjamzito, na watoto wawili wa kwanza walikuwa wamewazika hata hawajatembea. Muuguzi wa zahanati alimwambia wazi kwamba mama asipokula, huyu wa tatu pia hatakaa. Basi aliposikia kuwa posta inatafuta mtu mwenye gari lake, wa kupeleka mikoba ya barua kutoka Kitui mjini hadi vituo vya kusini, Kiema aliuza shamba la babake, akaenda Tawa kununua gari kwa Kasyoka, mjane wa mwalimu Ndululu. Injini safi, bei ya kutupa. Mtu aliyefikwa na maji shingoni hamwulizi muuzaji maswali mengi.

Fundi Musembi alilifanyia kazi. Alitoa viti vya nyuma, akachomelea wavu kwenye madirisha ya nyuma, akapigilia mbao za kupangia mikoba. Kiti cha mbele cha kushoto Kiema alitaka kibaki. Mkaguzi wa posta akakataa katakata. Gari la barua halibebi abiria, alisema, na kiti kikibaki wazi, siku moja utamwonea mtu huruma umpakie. Kitoke, au kazi apewe mwingine.

Nati za kiti zilikataa kufunguka. Musembi alizipaka mafuta, akazigonga, mwishowe akazikata kwa msumeno. Kiti kilipong'oka kilitoa pumzi ndefu... Musembi akasema ni sponji tu, na Kiema akapenda kumwamini. Akakipeleka nyumbani, kwa kuwa Mutindi alikuwa akilalamika mgongo.

Sasa, jioni ile aliyotoka kwa Faki, Kiema alizima gari uani kwake. Akiwa bado ameshika usukani, gari likainuka upande wa kushoto, kama linavyoinuka mtu mzito akishuka.

Mlango wa kushoto ulikuwa wazi.

Si yeye aliyeufungua. Na barazani, Mutindi, aliyekuwa ameketi kwenye kile kiti, alijikunyata akauliza baridi hiyo imetoka wapi.

Tangu hapo Mutindi hakutaka kutengana na kiti. Alikikalia asubuhi mpaka giza liingie, chakula akaletewa papo hapo. Alisema kinamshika mgongo vizuri, tena kina joto. Alfajiri moja, kabla mkewe hajaamka, Kiema alitoka akaweka kiganja juu yake. Kweli kilikuwa na joto, la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Alikuwa mtu wa kanisa. Aliomba, akafunga, akaendelea kuendesha, maana unga wa nyumba ile ulitoka kwenye gari lile lile. Aliogopa, lakini aliogopa njaa zaidi.

Halafu ikaja jioni ambayo woga huo ulibadilika. Aliingia uani kwa miguu, gari ameliacha njiani, tairi limetoboka. Mutindi hakumsikia. Alikuwa kitini, kichwa kimeegemea nyuma, anaambua kunde. Kiema akaona kwamba miguu yake haigusi chini. Alikuwa ameketi juu mno, juu kuliko kiti chenyewe. Akatazama mikono. Mikono miwili ya Mutindi ilikuwa kwenye ungo, ikiambua.

Na juu ya tumbo lake kulikuwa na mikono mingine miwili.

Ilikuwa imefumbatana. Ilikuwa inalibembeleza tumbo, polepole...

Kiema hakukumbuka alivyomvuta mkewe pale. Alimkimbiza kwa jirani, Kavata, ambaye alikuwa mkunga, akamsihi asimwache peke yake hata kwenda msalani. Akakibeba kiti hadi garini, akaziba tairi, akakitupa katikati ya mikoba ya watu ambayo haijafika, akashika njia ya Tawa. Kazi ikipotea na ipotee. Alichotaka ni mtoto.

Kasyoka alitoka nje kulipopambazuka. Hakusalimu. Macho yake yalikwenda moja kwa moja upande wa kushoto wa gari.

"Hiyo kiti uliitoa?"

Kasyoka alimweleza yote pale pale, amesimama. Miaka mingi nyuma, mumewe alimkuta mwanamke kando ya mto wa mchanga, mimba imefika, uchungu umemshika. Alikuwa amepungia magari mkono siku nzima, yote yakampita. Ndululu alimpakia. Hawakufika hospitali. Alifia kwenye kiti hicho, mtoto akiwa bado tumboni, na hakuna jamaa aliyejitokeza kumdai. Alichowaachia ni jina tu: Kalondu. Tangu hapo Ndululu hakumruhusu mtu yeyote kukikalia, hata mkewe.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungenunua?"

Kiema akamtazama. Kasyoka naye alikuwa mifupa mitupu, kitambaa kimemzidi kichwa. Njaa ilikuwa imewauza wote wawili.

Mama huyo akafungua mlango wa nyuma, akaweka mkono juu ya kiti. Akaukawiza hapo. Uso ukamsawijika.

"Imepoa," akanong'ona. "Hayuko hapa. Bibi yako... ako na mimba?"

Kiema alikuwa tayari ameingia garini.

Alikuta Mutindi amejifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, mzima, vidole vyote. Ila alikuwa akilia. Alilia mchana ule, akalia usiku kucha, hataki titi, hataki kubebwa. Mchungaji alikuja akaomba mpaka sauti ikamkauka, mtoto bado analia.

Wanawake wakasema ni jina. Kwa Wakamba, mtoto ambaye hajapewa jina bado ni wa aimu, wale waliotangulia. Wao ndio humchagulia, na akiitwa jina lisilo lake mtoto hulia mpaka litajwe la kwake. Kavata akawataja marehemu wote wa upande wa Mutindi, kisha wa upande wa Kiema, akarudia tena. Kila jina mtoto alizidi kulia. Siku ya tatu sauti ilikuwa imebaki mkwaruzo, midomo imeanza kugeuka rangi.

"Kiema," Mutindi akasema. Hakuwa na machozi tena. "Taja. Yoyote. Anaenda kama wale wengine."

Jina alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu Tawa, limemkaa kooni. Alijua kwamba akilitamka atakuwa amemkaribisha mtu ndani ya nyumba, na hataweza kumwambia atoke. Alimtazama mtoto. Kifua kilipanda... kikakawia kushuka...

Akainama sikioni.

"Kalondu."

Kimya.

Mtoto akafumba mdomo. Akageuka taratibu, akalitafuta titi, akanyonya kama aliyekuwa anangoja kwa miaka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mutindi, akilia kwa furaha, akauliza jina hilo ni la nani. Kiema akamwambia ni la nyanya yake mmoja wa zamani.

Mvua ilirudi, na posta walimsamehe mikoba iliyochelewa. Kalondu akanenepa, akakaa, akatambaa. Mutindi humsifu kwa majirani, kwamba Mungu amempa mtoto mtulivu. Hakulia alipodungwa sindano kliniki. Hakulia alipouweka mkono kwenye sufuria ya moto. Aliutazama tu, kisha akamtazama babake.

Kiema husimama mlangoni mwa chumba cha mtoto kila jioni, roho mkononi, anasikiliza. Anaomba alie, japo mara moja.