Jina Nyuma ya Muhuri wa Samaki

Siku ya kwanza ilikuwa harufu tu. Mbao ikiguswa na chuma cha moto hunukia kama mkate uliokaribia kuungua, naye mchoma nembo alikuwa ameizoea harufu hiyo kwa miaka kumi na miwili. Lakini asubuhi ile, alipoukandamiza muhuri mpya wa shaba juu ya kijiko cha kwanza, moshi uliopanda ulinuka nywele.

Akagusa kilemba chake. Hakuna kilichoungua.

"Unasikia harufu hiyo?" alimuuliza mdogo wake.

"Ni mafuta ya mbao, dada." Mdogo hakuinua macho. Alikuwa akifunga uma za mbao kumi kumi kwa uzi. "Wewe piga chapa. Mwenye mkahawa anakuja mchana."

Ndugu hawa wawili walikuwa na karakana ya chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Dada alipiga msasa, akapaka mafuta, akachoma nembo za wateja kwenye vijiko, uma na visu vya mbao. Mdogo, aliyejaliwa mdomo mtamu, ndiye aliyezunguka kutafuta mikahawa na hoteli. Mtaani dada aliitwa Mama Vijiko. Nyumbani, kwa sababu alikuwa mtoto mkimya mno, marehemu mama yao alimwita Tuli. Jina hilo halikuwahi kuvuka kizingiti. Mama alipofariki, Tuli alibaki kumlea mdogo wake aliyekuwa na miaka saba. Alimsuka nywele, akamsomesha, akamuuguza surua akiwa yeye mwenyewe bado msichana.

Muhuri wa shaba, wenye picha ya samaki, aliuleta mdogo. Alisema ameuchongesha kwa fundi wa mbali.

Tangu hapo kazi ilimiminika. Watu walidai chakula kina utamu wa pekee ukikila kwa kijiko cha samaki, na mikahawa mingine ikaja kuomba samaki huyo huyo achomwe chini ya majina yao.

Wiki hiyo hiyo, saa saba kasoro mchana, Tuli akiwa ameinamia meza, kitu laini chenye joto kilimpita begani. Aligeuka. Hakukuwa na mtu. Gauni lilikuwa limelowa.

Kesho yake, saa ile ile, kikampita shingoni. Wiki ya pili havikuwa kimoja wala viwili. Mikahawa ilipojaa watu wa chakula cha mchana alizihisi ndimi, maana hapakuwa na neno jingine, zikimpanda mgongoni na mikononi na nyuma ya masikio, nyingine za haraka kama za watoto, nyingine za polepole zenye kuonja na kurudia, naye ameng'ang'ania ukingo wa meza, meno ameyauma, asipige kelele kwa kuwa wateja walikuwa mlangoni, mpaka saa tisa zikapungua, zikakoma, zikamwacha amelowa chapachapa na mwepesi zaidi ya jana. Alikonda. Chumvi na sukari vikawa kitu kimoja mdomoni mwake. Na siku moja, muhuri ukiwa unapata moto, sauti yenye mate ikasema kutoka kwenye shaba, taratibu, "Tuli."

"Dada, umechoka, kapumzike," mdogo alimwambia siku hiyo. "Lakini maliza kwanza hivi mia mbili."

Tuli aliufunga muhuri kwenye kitambaa, akaupeleka kwa mama mmoja mshona magodoro aliyesifika kwa kutuliza majini. Yule mama hakusoma dua wala kufukiza kitu. Alifungua skrubu za mpini, akaligeuza bamba la shaba. Nyuma yake palikuwa na herufi nne zilizokwaruzwa kwa msumari.

"Nani anakuita Tuli?"

"Mama yangu."

"Yupo?"

"Alishafariki."

"Na nani mwingine?"

Tuli alizisugua herufi zile kwa kidole gumba, mpaka yule mama akaweka sindano yake chini.

"Pole, mwanangu. Kila anayelamba kijiko hicho anakulamba wewe. Jini linakula kwa midomo yao. Aliyekutoa aje aushike muhuri huu jua likiwa utosini, aseme jina hili si lake kulitoa. Ila ajue, likikuacha wewe litamgeukia yeye."

Mdogo alipoulizwa hakukana.

"Jini lilitaka jina la damu yangu ndipo lituletee wateja," alisema kwa sauti ya chini. "Nina nani mwingine mimi?"

"Una lako."

"Nilijaribu kulitaja. Ulimi ukawa mzito." Akafuta machozi. "Halafu wewe hulalamiki, dada. Nilijua utavumilia."

Neno hilo lilimkata Tuli kuliko ndimi zote.

Hata hivyo mdogo alikubali. Kesho yake mchana alikuja, akaweka kiganja juu ya muhuri, mshona magodoro akiwa pembeni na beseni la maji. "Jina hili," alianza. Akakohoa. "Dada, koo limenikauka. Niletee maji."

Tuli alikwenda mwenyewe kumletea. Aliporudi, mlango wa nyuma ulikuwa wazi na mdogo hayupo. Alisimama na glasi mkononi, kama mtu aliyetumwa akasahau kwa nani.

"Usimfuate," alisema mshona magodoro. "Imebaki njia moja. Lizike jina. Litamke kwa mara ya mwisho, na usiliitike tena, hata akuite nani. Ukiitika mara moja tu, limerudi."

Jina hilo ndicho kitu pekee cha mama yake alichobaki nacho. Alilitamka kama mama alivyolitamka, kwa kulivuta kidogo mwishoni. Mshona magodoro aliupasha muhuri moto hadi ukawa mwekundu, akautupa kwenye beseni, maji yakatoa mlio wa midomo inayofyonza mfupa, harufu ya nywele ikajaa chumba kisha ikatoka dirishani. Shaba ilipasuka vipande viwili. Jioni mwanamke yule, nami simtaji tena kwa jina lile, alionja chumvi, akalia.

Wiki tano zikapita. Mchana mmoja alikuwa akipiga msasa, mlango ameufunga, aliposikia kucha zikikwaruza ubao.

"Tuli. Nifungulie, Tuli. Linanila."

Sauti ilikuwa ya mdogo wake, ile ile ya homa za utotoni. Ulimi wa dada ulikuwa umekwisha inuka kusema naam. Aliuma ncha ya kilemba, akaendelea kupiga msasa kijiko kile kile mpaka kikawa chembamba kama jani, na sauti ikaendelea kumwita, ikizidi kuwa nyepesi, hadi saa tisa.

Asubuhi mwenye duka la rangi alimsimamisha.

"Jana mbona ulimwacha mdogo wako nje? Aliketi mlangoni kwako mchana kutwa. Alikuwa amelowa mwili mzima, na mvua yenyewe hatujaiona mwezi huu."

"Alikwenda wapi?"

"Sikumwona akiondoka. Nilipotazama tena, hayupo."

Aliingia ndani, akaketi chini, mgongo kwenye mlango. Mdogo wake naye alikuwa na jina la nyumbani. Yeye ndiye aliyempa, na duniani hakuna mwingine aliyelijua. Angeweza kumwita. Alifungua mdomo, akaufunga. Aliogopa nani angeitika.