Jeti ya Njia ya Tambarare

Saa sita mchana, kituo cha petroli cha Point kilikuwa kinanuka vichwa vya samaki, mkojo wa ukutani na moshi mweusi wa bakki, pikapu ya Godelive. Mwenyewe alisimama kando na gauni lake la maua ya njano, viatu vyeupe, kitambaa puani. Bakki ile ndogo ilikunywa petroli kuliko alichopata kwa mitumba aliyouza kwenye mageti ya viwanda.

"Dada, hii gari iko mlevi," sauti ikasema.

Alikuwa Pontien, fundi aliyetoka Bujumbura akahamia mji huu wa bandari, aliyetengeneza magari kwenye kona ya kituo kile, na boneti alishaiinua bila kuitwa. Alifungua kabureta, akachomoa jeti, kale kamsumari ka shaba kenye tundu la kupitishia petroli, akakaweka mdomoni na kupuliza. Kisha akatema. Mate yaliangukia karibu kabisa na kiatu cheupe.

"Wee, unakula nini hiyo?"

"Naonja. Ulimi unajua tundu kuliko macho."

"Uko mchafu."

"Asante. Kila siku unapita njia gani?"

"Mobeni tu, viwandani. Kwenda na kurudi."

"Tambarare. Sharp. Nitaliziba hili tundu na risasi ya kuyeyusha, nitoboe lingine dogo. Itakunywa kidogo. Lakini mlima usipande nayo, chérie, itaungua."

"Mpenzi wako ni nani?"

"Gari."

Petroli ya siku nne ikafika wiki nzima. Pontien naye akawa anafika kwa Godelive kila Jumapili, shati jeupe la kanisani, kucha nyeusi ambazo sabuni wala limau havikuzitakatisha. Godelive alimpenda huku kichefuchefu kikimpanda. Kumbusu kulikuwa kama kubusu tangi la petroli.

"Umepiga mswaki?" alimuuliza kwenye simu.

"Mara tatu."

"Piga ya nne. Hata simu inanuka."

"Eish, watu wa Uvira mnajidai. Ungetafuta daktari."

"Daktari hajanitaka."

Miezi miwili ikaenda hivyo. Halafu Jumatano moja Godelive akapiga simu kutoka kibanda cha simu cha barabarani. "Imekufa. Njoo."

"Uko wapi?"

"Westville. Mlimani."

Pontien alipanda taxi. Alipofika alifungua plagi, akaigeuza mkononi. Plagi ya gari linalopita tambarare hutoka na rangi ya chai. Hii ilikuwa nyeupe kama mfupa, ncha imeanza kuyeyuka.

"Hii si ya leo. Hii imepanda wiki nyingi. Huku iko nani?"

"Hakuna mtu."

"Marashi yote haya, kwa hakuna mtu?"

Godelive akatazama miti. Pontien akafunga plagi nyingine, akapiga boneti chini. "Usinipigie tena," akasema, akateremka kwa miguu.

Godelive alingoja aulizwe vizuri. Pontien kila usiku alimwaza huyo mwanaume wa Westville, labda mwalimu wa chuo mwenye kucha safi.

Siku tisa baadaye, Ijumaa, bakki ilisimama pale kwenye kona. Godelive akashuka na gunia, akalifungua miguuni pa Pontien. Harufu ikampiga usoni. Mashuka yenye mavi, ya tangu Jumatano, aliyoyaacha makusudi bila kuyafua.

"Huyu ndiye mwanaume wangu wa Westville. Mzee wa miaka themanini, hawezi kuinuka kitandani. Mara tatu kwa wiki mimi ndiye namsafisha, wananilipa. Mashuka nayafulia kwangu. Binti yake hataki yaingie kwenye mashine yake."

Pontien akarudi nyuma, uso umemkunjamana. "Uchi wake unauona?"

"Nauona. Nauosha."

Kwao, Uvira na Bujumbura, pande zote mbili za ziwa, msichana haoni uchi wa mzee wa rika la baba au babu yake. Akiuona, wakwe hufunga mlango. Ndiyo sababu Godelive alinyamaza. Na aibu nayo, yeye aliyekuwa akimcheka mwenzake kwa kunuka.

"Mama yako akijua hatanikubali," akasema. "Kama na wewe hunitaki, sema sasa."

Pontien alitema mate. Akayatazama yale mashuka, na bado yalimchukiza. "Ni uchafu kweli. Sitasema ni maua."

"Sijakuomba maua."

Akafunga gunia mwenyewe, akalirudisha nyuma ya kiti, akainua boneti. "Naweka jeti kubwa. Petroli itaisha mbio, lakini mlima itapanda."

"Na mama?"

"Jumapili nampigia simu, namwambia nakuoa. Na mzee nitamtaja."

"Unaweza kumficha."

"Gari nililitengeneza kwa njia uliyonitajia, likaungua." Akapuliza jeti, akaifunga. "Sitaki mama naye nimtajie njia ya uongo."

"Akikataa?"

"Atakataa akiwa anajua. Na mimi nitakuoa akiwa amekasirika."

Godelive akatazama saa. Ilishapita saa nane, na kule Westville mtu alikuwa amelala kwenye unyevu wake akimngoja. Akawasha gari. Pontien akafungua mlango wa pili, akaketi.

"Unaenda wapi?"

"Nataka kuisikia ikipanda."

Wakaondoka madirisha wazi, maana gunia lilikuwa linanuka vibaya sana.