Ukuta wa Chumba cha Chiriku

Kila asubuhi Chiriku alifagia chumba chake huku amenuna. Chumba kilikuwa chake peke yake. Zamani alilala na bibi yake, na bibi alikoroma mpaka vikombe kabatini vikatikisika. Kwa hiyo alipopewa chumba alifurahi sana. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na hatimaye alikuwa na mlango wa kufunga.

Furaha hiyo ilimtoka siku alipoona chumba cha binamu yake, mtoto wa shangazi. Nyumba yao ilikuwa jirani, na watu wote walimwita binti huyo Malkia. Ukuta wake ulikuwa umebandikwa karatasi ya plastiki yenye maua, kutoka juu hadi chini.

"Pazuri," Chiriku alisema, kisha akaaga. Njiani alilia kwa wivu. Hebu fikiria, mtu mzima na akili zake analilia ukuta!

Mama yake alikuwa nje, akimwagilia maua chini ya dirisha la Chiriku. Naye alikuwa na lake moyoni. Wifi yake, mama yake Malkia, alikuwa na bustani iliyoegemea ukuta wa nyumba, na wapita njia walisimama kuisifu. Mama hakutulia mpaka naye alipolundika udongo ukutani na kupanda maua mengi zaidi. Aliyanywesha maji asubuhi na jioni.

"Mama, nataka karatasi kama ya Malkia."

"Utapata," Mama alijibu bila kufikiri mara mbili. "Na yako iwe na maua makubwa kuliko yake."

Walibandika wenyewe. Kona moja ya ukuta ilikuwa na madoa, tena mabichi. "Hapo ndipo pa kufunika vizuri," Mama alisema. Malkia aliitwa kuona. Akatazama, akasema, "Pazuri," akaaga mapema. Chiriku alicheka peke yake mpaka akalala.

Haukupita muda mrefu, chumba kikaanza kunuka kama nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Karatasi ilifura kwa chini. Chiriku hakufungua dirisha, akiogopa vumbi litachafua maua yake. Akaanza kukohoa, hasa alfajiri.

"Ukiendelea hivi utarudi kwa bibi," Baba alimwambia. "Hicho chumba tutakifanya stoo."

Chiriku aliutazama mlango wake. Kukoroma kwa bibi angekuvumilia. Malkia akijua, je?

Baba alimwita Mama Brashi, jirani yao mpaka rangi, mwanamke wa maneno mengi. Aliingia, akanusa, akaweka kiganja ukutani.

"Huku nyuma kuna nini?"

"Ukuta," Mama alijibu.

"Ukuta naujua, dada yangu. Ndio unaonilisha!"

Akabandua karatasi kidogo. Nyuma yake kulikuwa kweusi. Chiriku akaziba pua.

"Huu ni ukungu," Mama Brashi alisema. "Unaota penye unyevu na pasipo na hewa. Ukivuta vumbi lake, kifua kinaweza kukusumbua. Karatasi ya plastiki haikaushi ukuta. Inafungia maji ndani. Hata mngepaka rangi juu ya ukungu huu, ingebanduka."

"Lakini bati halivuji," Baba alisema.

Mama Brashi akazunguka nje. Wakasikia kicheko chake.

"Shemeji, njoo uone! Mkeo anamwagilia nyumba!"

Mama aliinamisha kichwa. "Nilitaka maua yangu yashinde ya wifi," alisema.

Chiriku alitaka kumkasirikia mama yake. Akakumbuka wivu wake mwenyewe, akaenda kuchukua sepetu.

Walihamisha udongo na maua mbali na ukuta. Wakafunga vitambaa puani na mdomoni, wakabandua karatasi yote. Walilowesha ukungu kwanza ili vumbi lisiruke, wakausugua kwa maji ya sabuni.

"Sasa tupake?" Chiriku aliuliza.

"Tulia, mwanangu. Acha dirisha wazi. Ukuta ukauke kabisa, hata kama ni wiki nyingi. Ukiharakisha, utanilipa mara mbili," Mama Brashi alisema.

Chiriku akalala kwa bibi, akangoja. Ukuta ulipokauka, walipaka rangi ya maji, nyeupe tupu. Kitanda wakakiacha mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Kikohozi kikaisha.

Kisha Malkia akaja. Chiriku alisimama mlangoni. Ukuta wake haukuwa na ua hata moja.

"Karatasi iko wapi?" Malkia aliuliza.

"Tumeitoa." Chiriku alingoja achekwe.

Malkia alivuta hewa, akaketi kitandani. "Mbona chumba chako hakinuki?" Akakohoa. "Mimi silali tena kwangu. Nalala sebuleni, kwenye kochi. Nikisikia unakuja, ndipo nakimbia kutandika kitanda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka."

Ni kweli, angemcheka. Hata wakati huo Chiriku alihisi utamu wa ushindi, na aliuonea haya. Akatoka kutafuta vitambaa viwili na sepetu.

"Twende," alisema. "Tuanze na bustani ya shangazi."

Mama aliwaona wakipita uani. Akaacha vyombo vyake, akachukua sepetu nyingine.

"Nisubirini," alisema. "Maua ya wifi nitayahamisha mwenyewe, yasije yakafa."