Alama za Kidole kwenye Dhahabu

Asubuhi ile sarafu ya tatu ilikuwa nyekundu tena, na Ézéchiel alikuwa ameisafisha jana yake tu.

Ézéchiel alikuwa sonara wa Ndosho, mtaa ulio chini ya volkano. Tangu mkewe Léonie afariki, miaka miwili nyuma, alilala peke yake katika chumba kilicho nyuma ya karakana, na siku nyingine jua lilizama hajasema neno na mtu. Sarafu hizo tatu za kale zililetwa na Dancille, mwanamke wa Kibati, ambaye alizikuta chini ya godoro la baba yake baada ya mazishi. Alizimimina mezani kutoka kwenye soksi bila kuzigusa, akaomba zirudishiwe rangi yake ili aziuze.

Ézéchiel alimweleza kwamba dhahabu yenyewe haigeuki. Watu wa zamani waliichanganya na shaba na fedha kidogo ili iwe ngumu, na hizo ndizo zinazoliwa na salfa iliyo katika moshi wa volkano. Utando mwembamba huota juu ya sarafu, na kadiri unavyonenepa huanza kahawia, ukawa mwekundu, zambarau, mwisho buluu. Ni kazi ya miaka mingi. Alizichovya katika maji ya moto yenye bikaboneti na karatasi ya alumini, zikang'aa.

Sasa miaka hiyo ilikuwa imepita kwa usiku mmoja, na wekundu ulikuwa na umbo la kidole gumba. Jasho la mtu huacha alama kwenye madini, alilijua hilo, lakini yeye hufanya kazi na glavu. Akapima kwa gumba lake mwenyewe. Alama ilikuwa ndogo zaidi.

Akaisafisha, akazifungia zote katika chupa. Kesho yake zilikuwa na alama za vidole viwili, za zambarau.

Mchana huo mvua ilinyesha na umeme ukakatika. Ézéchiel akasikia harufu ya mayai viza, kisha mtu akipumua upande wa pili wa meza, polepole, kama mtu anayengoja asimsumbue fundi, na alipoinua macho hakuona kitu ila kiti kitupu na mvua dirishani, lakini pumzi iliendelea, ikasogea, ikazunguka meza hadi ikawa karibu na sikio lake, halafu sauti ya Léonie, ileile ya jikoni jioni, ikamwita, "Ézé."

Hakukimbia.

Siku zilizofuata alifunga mlango kwa wateja. Kwenye kiganja chake cha kulia ikatokea doa la kahawia, likawa jekundu. Dancille aliporudi baada ya juma moja, mkono ulikuwa wa zambarau hadi kiwikoni.

Dancille aliutazama. "Papa naye ilianzia hapo," akasema kwa sauti ya chini. "Siku aliyokufa ilikuwa buluu kifuani. Alikuwa anasema ni mama anazigusaka. Muzee, ile haikuwa mama."

 Ézéchiel akamwambia kuna njia moja, lakini sarafu zitapotea, litabaki donge la dhahabu tu. Hicho kinachozigusa kinashikilia shaba na fedha. Kwenye dhahabu tupu hakina pa kushika. Dancille akakubali.

Akaziyeyusha pamoja na fedha nyingi ili asidi ipate njia ya kula kila kisicho dhahabu, akafua bamba jembamba, akalitia katika chupa ya asidi juu ya moto uani. Asidi ilipochemka moshi mwekundu ukapanda na maji yakawa ya buluu, na ndani ya mchemko ule Dancille alisikia mwanamke akimwita Ézé, kwanza kwa upole, kisha akiomba, kisha akilia asiachwe peke yake, lakini muzee hakuondoa moto, hata sauti ikawa nyembamba, ikakatika.

Chini ya chupa ulibaki unga wa kahawia. Alipouyeyusha, ukawa kidonge cha manjano safi. Rangi ya mkono wake ilikuwa imeanza kufifia.

Dancille akakifunga katika kitambaa na kushukuru. Ézéchiel hakuinuka.

"Papa yako," akauliza, "ile sauti ilipomuitaka, alikuwa anaijibu?"

"Kila siku."

Akaitikia kwa kichwa, macho yake kwenye kiti kilichokuwa upande wa pili wa meza.

"Na mimi pia nilikuwa ninaijibu," akasema. "Nilijua si yeye. Tangu siku ya kwanza nilijua."