Kila Nyumba na Chuma Chake

Jua lilikuwa linazama nyuma ya msitu wa Mau nilipobisha kwa Mama Cheruto kuchukua usukani. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebaki. Baiskeli yenyewe nilikuwa nimeijenga mwezi mzima nyuma ya jikoni yetu hapa Elburgon, kwa vyuma vya kuokota. Kruza, ile baiskeli ndefu ya kiti kipana na usukani mkubwa uliopinda kama pembe za ng'ombe, ambayo mtu huiendesha ameegemea nyuma kama bwana harusi. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha ya watu. Hii ilikuwa ya roho yangu. Nilitaka niteremke nayo Nakuru mjini Jumapili moja, nione vijana wa huko wakigeuza shingo.

Mama Cheruto huwa hakuachi upite bila chai. Siku hiyo hakunikaribisha hata mlangoni. Alitoka akiwa ameushika usukani kwa gunia, kama mtu anayeepua sufuria.

"Chukua na gunia lake," akasema.

Nikamuuliza nimpe nini. Akatikisa kichwa. Akataka kujua nyumba nyingine zilizonipa vyuma, nami nikamtajia: Khaemba wa bucha alinipa fremu, Mzee Kibii akanipa magurudumu. Akaitikia kila jina kwa macho. Halafu akasogea karibu, akaninong'oneza.

"Baba yako amerudi?"

Nikamwambia bado yuko Bahati kwa shangazi, anamsaidia kuvuna.

"Basi maliza kabla hajarudi."

Akaingia ndani. Nikasikia komeo likisukumwa.

Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu. Nilidhani anamwogopa baba, na hakuna mtu anayemwogopa baba yangu. Ephantus ni mzee wa kanisa mwenye sauti ya chini, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Tangu mama afariki tumebaki wawili. Mimi nina jina la mama yake mzazi, Wangu, kwa hiyo kama ilivyo desturi yetu yeye huniita mama. Nampenda kuliko ninavyojipenda, na sioni haya kulisema.

Sasa, fundi yeyote atakwambia kwamba vyuma vya kuokota havipatani. Nati ya huyu haikubali uzi wa yule. Unapiga tupa, unagonga, unatukana, na bado vinagoma. Vyangu viliingiana vyenyewe. Fremu Khaemba alikuwa ameifukia chini ya magogo nyuma ya bucha, pamoja na karia yake, kile kiti cha chuma cha kubebea abiria nyuma. Magurudumu yalitoka darini kwa Mzee Kibii, na aliponikabidhi alisema nisirudi kumshukuru. Foku ya mbele, ile panda inayoshika gurudumu, niliitoa kwetu, ambako miaka yote ilikuwa ikishikilia mlango wa sungura. Sikumwuliza baba. Nani anaomba ruhusa ya chuma cha sungura? Nyumba tofauti, watu tofauti, lakini nilipokwangua kutu nikakuta rangi ni moja kote. Kijani.

Na mimi, kichwa maji, nikasema Mungu ni mwema.

Nikaingiza usukani, ukakaa. Nikaipindua baiskeli miguu juu, nikazungusha gurudumu la nyuma nione kama linayumba. Lilizunguka vizuri... likazunguka... Nikaingia jikoni, nikasonga ugali, nikala, nikaosha sahani.

Bado lilikuwa linazunguka.

Kesho yake jioni niliitoa barabarani. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka na hewa ilinukia vumbi la mbao kutoka kwa mashine za kupasua magogo. Baiskeli iliteleza kama maji. Niliegemea nyuma, nikajiona malkia, nikaanza hata kuimba.

Kisha ikaja harufu nyingine.

Mpira unaoungua. Petroli.

Nilidhani ni breki. Nikaacha kukanyaga pedali... na hapo karia ikazama nyuma yangu, vile inavyozama mtu anapopanda. Sikugeuka. Anayesema yeye angegeuka, mwongo huyo. Nilisikia tu pumzi shingoni, na haikuwa ya moto, ilikuwa baridi na ya taratibu. Usukani ukajipinda mikononi mwangu. Tukaacha barabara, tukaingia kwa Khaemba.

Khaemba alikuwa anafunga bucha. Aliiona baiskeli kwanza, mimi akaniona baadaye. Kisu kikamponyoka. Akarudi nyuma hadi ukutani, kati ya nyama zilizokuwa zimening'inia, akiwa ameinua viganja.

"Nilirusha moja tu," akasema. Hakuwa akisema na mimi. "Zeddy, haki ya Mungu. Moja tu."

Jiwe la kwanza lilimpata juu ya jicho. Nasema jiwe, lakini sikuona jiwe. Niliona paji la uso likipasuka na damu ikiruka ukutani. La pili likamvunja meno. Akaziba mdomo kwa mikono, na vidole vyake vikapondwa pale pale mdomoni, kimoja kimoja. Goti likakunjika upande ambao goti halikunjiki. Kisha yakaja marungu. Niliyasikia yakitua mgongoni, mengi, kwa pupa, yakigongana yenyewe kwa yenyewe. Lilikuwa pigo la kijiji kizima, na ndani ya bucha tulikuwa wawili. Alipoacha kulia, ngozi ya kifua chake ilianza kutoa moshi.

Nilikimbia. Baiskeli niliiacha imelala mlangoni mwa bucha. Nilipofika nyumbani, pumzi zimeniishia, nikaikuta imeegemea ukuta wa jikoni.

Tiki... tiki... tiki...

Gurudumu la nyuma, taratibu.

Nilijifungia chumbani na sikulala. Polisi walisema Khaemba alivamiwa na majambazi. Asubuhi Mzee Kibii naye akapatikana ghalani mwake, mlango umefungwa kwa ndani, amepondwa na kuungua vivyo hivyo. Watu wakasema ni majambazi tena, ila walisema wakitazama chini. Hakuna aliyeniuliza lolote. Wote waliopita njia yetu walipitia ng'ambo, wakilikwepa geti letu kama lina ukoma.

Baba alirudi mchana. Habari za Khaemba zilikuwa zimemfikia huko Bahati. Aliingia uani, akaiona baiskeli, akakaa kwenye kigoda cha jikoni bila kuvua kofia.

"Hiyo foku ulitoa wapi, Wangu?"

Hakuniita mama. Nikajua kumeharibika.

Nikamwambia ni ile ya sungura. Akafumba macho, akanieleza yote kwa sauti ile ile anayosomea Biblia kanisani. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Zeddy alikuwa fundi baiskeli, mgeni, amepanga chumba karibu na chemchemi, na baiskeli yake ya kijani ilijulikana kote. Kisha watoto wakaanza kufa. Wa kwanza alikuwa Cheruto. Mimi maisha yangu yote nimemwita yule jirani Mama Cheruto na sikuwahi kujiuliza Cheruto mwenyewe yuko wapi. Watu wakasema yule mgeni huonekana chemchemini alfajiri akiosha vitu visivyojulikana. Mchawi. Jioni moja wakamtoa chumbani kwake. Mzee Kibii aliongoza kwa rungu, Khaemba kwa mawe, na mwisho Mama Cheruto akaleta tairi na petroli.

Watoto waliendelea kufa. Baadaye ikagundulika kwamba dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikuwa ikivuja kutoka kwenye josho na kuingia chemchemi. Watu wakaogopa. Mmoja wao angeweza kusema. Basi baiskeli ya marehemu ikafunguliwa, ikagawanywa kati ya wale wanne walioongoza jinsi nyama inavyogawanywa, kila nyumba na chuma chake, usiuze, usitupe. Mwenye fungu hana mdomo wa kushtaki. Kumpa anayeomba tu ndiko hakukukatazwa.

"Kwa hivyo hakuwa mchawi," nikasema.

"Hakuwa." Baba aliitazama baiskeli. "Huyu aliye hapo nje tulimtengeneza sisi."

Niliogopa kuuliza, lakini niliuliza. "Wewe ulirusha ngapi?"

"Mimi sikurusha hata moja."

Nusura nicheke kwa furaha. Nilitaka kumkumbatia. Yeye akawa anaangalia mikono yake magotini, akiigeuza na kuirudisha, na mimi katika furaha yangu sikumwuliza anatafuta nini.

Nilichukua spana, nikatoka. Wazo langu lilikuwa rahisi: nitoe foku yetu, niirudishe kwa sungura, baba yangu abaki nje ya mambo haya. Nati nilizokuwa nimezikaza kwa mkono wangu zilikuwa zimekuwa chuma kimoja na foku. Spana iliteleza ikanichuna. Nikapandwa na hasira, nikachukua nyundo kubwa, nikaipiga ile foku kwa nguvu zangu zote.

Ndani, baba akapiga yowe.

Nilimkuta ameinama kwenye kigoda, damu inamchuruzika kidevuni. Meno mawili yalikuwa kwenye kiganja chake. Nikaitupa nyundo mbali na sikuigusa tena.

Nikamwambia twende polisi. Ajitaje, awataje wote, aandike jina la Zeddy mahali watu watalisoma. Labda marehemu anataka hilo tu. Sikujua kama ni kweli, lakini nilikuwa sina lingine. Baba akakubali. Akajaribu kusimama, akarudi kigodani. Mwanga ulikuwa unapungua dirishani na ukungu ulikuwa umefika uani. Akajaribu tena, akashindwa.

Petroli. Ilikuwa imeingia ndani.

"Baba, inuka," nikanong'ona. Nikasimama mbele yake, nikamkamata mikono yote miwili, nikamvuta.

Hakuinuka. Nikataka kumwachilia nimshike kwapani.

Mikono yangu haikufunguka.

Nilivuta. Nikatikisa. Vidole vyangu vilikuwa vimemzunguka kwenye vifundo vya mikono na havikunisikia, vilizidi kubana, na nilihisi mifupa yake ikisogea chini ya ngozi. Baba aliangalia vidole vile. Nikaona uso wake ukibadilika, na haukuwa uso wa mtu anayeshangaa.

"Mimi ndiye niliyemshika," akasema. "Wenzangu wakipiga. Nilimshika mikono, hivi hivi."

Tiki... tiki... tiki... Nje. Kisha mlangoni.

Pigo la kwanza lilimpata kwenye sikio. Niliona kichwa chake kikienda upande na kurudi. Nikapiga kelele, nikalitaja jina la Zeddy, nikamwambia anichukue mimi, nikamwambia huyu mzee amekuwa akisali kwa ajili yake, jambo ambalo hata silijui. Mbavu za baba zikalia kama kuni. Hakuna pigo hata moja lililonigusa mimi. Damu ndiyo iliyonirukia usoni, ya moto. Niliinama nikaving'ata vidole vyangu mwenyewe hadi nikahisi mfupa katika meno. Havikuachia. Nilikuwa nimemshikilia baba yangu sawasawa, kifua wazi, kila rungu limpate vizuri.

Angeweza kunililia. Alinitazama kwa jicho moja lililokuwa bado linaona, na akasema kupitia meno yaliyovunjika, polepole, ili nisikie.

"Yeye aliniomba nimwachilie. Aliniita ndugu." Pigo. Akavuta pumzi. "Mimi sitakuomba, mama. Si wewe unayeshika."

Hakusema tena. Mapigo yaliendelea baada ya yeye kunyamaza, muda mrefu, kwa sababu ndivyo walivyomfanyia Zeddy. Mwisho shati lake likaanza kutoa moshi.

Hapo ndipo mikono yangu ikafunguka.

Nilimlaza sakafuni. Nikamfumba lile jicho. Nikaiokota kofia yake, nikaipangusa, nikaiweka kifuani palipoungua. Nilikaa hapo nikisubiri kulia na kilio hakikuja, kilichokuja ni hasira, na hadi leo sijui kama yote ilikuwa yangu.

Niliposimama mlangoni, ukuta wa jikoni ulikuwa mtupu. Kwenye udongo wenye umande kulikuwa na alama ya magurudumu ikienda getini, kisha ikikata kushoto. Kushoto kuna nyumba moja tu. Taa yake ilikuwa inawaka, na moshi wa chai ulikuwa unapanda pale kwa utulivu. Kutoka kwetu hadi kwake unaweza hata kuita, na akiwa uani atakusikia.

Mama Cheruto alikuwa ameniuliza nyumba gani zimenipa vyuma. Alijua inakamilika. Alijua inapita kwetu kabla ya kufika kwake, akaniambia nimalize kabla baba hajarudi kunizuia, akafunga komeo. Alikuwa mama wa mtoto aliyekufa, hilo nalo nalijua, na usiku huo nililijua vilevile.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu na namba yake ninayo. Niliinua mkono, nikakunja vidole, nikavikunjua. Vilikuwa vyangu tena, vilinitii vyote kumi.

Nikaingia ndani, nikamfunika baba shuka, nikakaa karibu naye. Sikupiga.