Sekunde Saba Zilizokatwa

Mvua ilishuka ghafla saa tisa alasiri, na kila aliyekuwa barabarani akakimbilia kibaraza cha jengo la benki. Walibanana pale makarani, wanafunzi, wanawake wenye mizigo, na kijana mmoja mrefu aliyekumbatia begi la kamera kama mtoto mchanga. Kazi yake ilikuwa kupiga na kuhariri video za harusi. Mtaani walimwita Mkasi, kwa sababu hakuna hotuba ya mjomba wa bibi harusi iliyowahi kupita mikononi mwake ikatoka nzima.

"Kaka, samahani. Umesimama kwenye somo langu."

Aligeuka. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani lililolowa mabegani na kilemba cheupe kilichoanza kulegea, amemwelekezea simu usoni.

"Somo gani tena?"

"La uchumi. Huyo muuza miavuli nyuma yako amepandisha bei mara mbili tangu mvua ianze, na watu ndio kwanza wanagombania. Nataka wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho waone kwa macho yao."

"Mbona mimi nilifundishwa kwamba bei ikipanda watu hupunguza kununua?"

"Mambo mengine yote yakibaki vilevile," alijibu bila kuinua macho. "Leo hayakubaki, mvua imenyesha. Sasa sogea, kaka yangu."

Alisogea, lakini ulimi haukutulia. "Na video zako zina urefu gani, Ticha?"

"Dakika kumi na moja."

"Dakika kumi na moja! Baada ya dakika tatu mwanafunzi ameshahamia kwenye video ya paka."

Mwanamke akacheka, na kicheko kile kikammaliza kijana wa watu. Alinunua mwavuli kwa bei ileile ya mara mbili, yeye ambaye hakuwahi kumiliki mwavuli maishani, ili apate sababu ya kumsindikiza hadi kituoni.

Basi hivyo ndivyo walivyoanza. Kila Jumamosi Ticha alifika kwenye chumba ambacho Mkasi na mama yake walikigawana kwa pazia: mbele cherehani ya mama, aliyekuwa fundi wa nguo, na nyuma kompyuta, taa mbili na ukuta uliopakwa rangi ya buluu. Mama alisimamisha cherehani wakati wa kurekodi, na alipochoka kusubiri alikohoa. Ticha alikuwa na wanafunzi mia mbili na vitabu arobaini, kwa hiyo alitaka kila mmoja apate somo kwenye simu, iwe yake au ya mzazi wake, halafu darasani wajibu maswali. Walitengeneza video kumi na tisa. Ticha hakuwahi kutazama hata moja.

"Sura yangu naiona kwenye kioo, inatosha," alisema. "Wewe kata unavyojua."

"Unaniamini hivyo?"

"Nimwamini nani mwingine, mpenzi? Paka?"

Mkasi alikata alivyojua.

Jumanne moja mchana simu yake ililia, akaipokea huku anatabasamu.

"Roho yangu, umekula?"

"Wanafunzi tisini na mmoja wamekosa swali moja." Sauti ya Ticha ilikuwa kavu.

"Swali gani?"

"Kwenye mtihani wa majaribio. Bei ya makoti ya mvua imepanda na mauzo yamepanda, eleza sababu. Unajua wameandika nini? Kwamba muuzaji anadanganya. Mmoja ameshauri akamatwe."

Siku nyingine wangecheka hadi machozi.

"Mada hiyo waliisoma kwenye video peke yake, ile wiki niliyougua. Leo nimeitazama. Sikusema kwamba sheria ya mahitaji hufanya kazi mambo mengine yote yakibaki vilevile. Sentensi ile haimo. Miaka minane nafundisha, sijawahi kuiacha."

Mkasi aliikumbuka sentensi ile vizuri sana. Video ilikuwa imetoka dakika tatu na sekunde saba, na yeye alikuwa ameapa kwamba hazizidi tatu. Akatafuta sekunde saba za kutupa, akaona maneno ambayo Ticha huyarudia kila mara kama mshereheshaji anayesema "bila kupoteza muda", akayakata. Hakuwaza mara mbili.

"Ijumaa kuna kikao na kamati ya wazazi," Ticha aliendelea. "Watazifuta zote, na mimi nitanyang'anywa darasa la mwaka wa mwisho. Mkuu wa shule ameshaniambia nijiandae."

"Ticha, sikiliza..."

"Hebu nisikilize mimi kwanza. Unakumbuka siku ile? Uliniambia unanipenda, ndipo tukaanza kurekodi. Kichwa changu hakikuwepo. Nilikuwa nasoma maneno huku nakuwaza wewe. Sikulaumu, mpenzi. Ila mapenzi haya yananifanya mwalimu mbaya, na wale watoto wana mtihani mmoja tu. Tuachane kabla sijaharibu zaidi."

Hapo ndipo Mkasi alipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa: hukusahau, nilikata mimi. Akameza mate, na maneno yakateremka nayo.

"Pole," ndilo lililomtoka.

"Asante," alijibu Ticha, na simu ikakatika.

Kwa siku mbili Mkasi hakufanya kazi yoyote ya maana. Rekodi nzima ilikuwepo kwenye kompyuta; aliifungua, akasikia sauti ya Ticha ikitamka sentensi yote kwa utulivu, akaifunga. Akinyamaza, mpenzi wake angeondoka akiamini amejikosea mwenyewe. Akisema, angemchukia kwa haki. Alhamisi mama yake alisukuma pazia.

"Huli, husemi, na sauti ya mkwe wangu naisikia humo ndani mara ishirini kwa siku. Umefanya nini?"

Alimweleza yote. Mama alisikiliza, sindano ikiwa midomoni, kisha akaitoa.

"Mimi nikikata suruali ya mteja ikawa fupi, simwambii kwamba miguu yake imerefuka."

"Ataniacha, mama."

"Kwani sasa hivi uko naye?"

Ijumaa alivaa shati jeupe, akapiga moyo konde, akaenda shuleni na kompyuta kwapani. Alipogonga mlango wa chumba cha walimu, Ticha alikuwa amesimama mbele ya mkuu wa shule na wazazi watano. Alivaa sketi nyeusi na koti la kijivu, macho yamevimba, mikono ameifunga mbele.

"Kosa ni langu peke yangu," alikuwa akisema. "Nilisahau..."

"Hakusahau," Mkasi alisema kutoka mlangoni. "Samahani, mkuu. Mimi ndiye ninayehariri video. Naomba mtazame hii, haijakatwa popote."

Aliweka kompyuta juu ya meza. Akabonyeza kitufe. Kwenye kioo akaonekana Ticha mbele ya ukuta wa buluu, anaweka kilemba sawa, na sauti ya Mkasi mwenyewe ikasikika chumba kizima: "Nakupenda, Ticha. Haya, anza." Mzazi mmoja akakohoa. Mkuu wa shule akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ticha hakuinua uso. Alijua, kama Mkasi alivyojua, kwamba kipande kile kingeweza kukatwa kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Somo likaenda. Dakika ya pili ikafika, na ikaja sentensi, safi, kila neno mahali pake: "Lakini kumbukeni, hayo ni kweli iwapo mambo mengine yote yatabaki vilevile."

"Hizo ni sekunde saba," Mkasi alisema. "Nilizikata ili video iwe fupi. Sikumuuliza."

Wazazi walinong'onezana muda mrefu. Mwisho mkuu wa shule akatoa uamuzi: mwalimu abaki na darasa lake, lakini video zote kumi na tisa zirekebishwe kabla ya mtihani wa mwisho, mwalimu akiwa amekaa hapohapo. Bado wiki tatu.

Ticha alimfuata kwenye ukumbi wa nje. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Mkasi zaidi.

"Ulijua tangu Jumanne."

"Nilijua."

"Siku tatu nimelia. Dada yangu ananiuliza nimefiwa na nani. Nimejitukana, nimejiona sifai, na wewe unajua."

"Niliogopa ungeniacha."

"Nilikuwa nimeshakuacha, Mkasi."

"Ndiyo. Lakini uliniacha kwa kosa ulilodhani ni lako. Kwa hili langu ungeniacha kabisa."

"Kesho saa mbili asubuhi nitakuja kufanya kazi," Ticha alisema. "Fundi."

Wiki tatu zile zilikuwa ndefu kuliko harusi zote alizowahi kupiga. Ticha alikaa kwenye kiti cha mbao, daftari mapajani, na kila picha iliporuka kidogo aliuliza jambo lilelile: "Hapa ulikata nini, fundi?" Mkasi alitafuta rekodi, akamwonyesha, akakirudisha kipande. Walihesabu sentensi ishirini na tatu. Nyingine zilikuwa mzaha tu, lakini nne zilikuwa roho ya somo. Hakuna aliyetaniwa wala kuitwa mpenzi. Ila siku moja, alipokuta kipande ambamo yeye mwenyewe anainama na kucheka kwa sababu mama alikohoa nyuma ya pazia, Ticha alitabasamu kabla hajajizuia, kisha akarudi kwenye daftari.

Siku ya mwisho ilibaki video ya masahihisho.

"Utaisema wewe," Ticha alimwambia. "Aliyeharibu ndiye atakayewaeleza."

"Mimi sijawahi kusimama mbele ya kamera."

"Ndiyo vizuri."

Mama akasimamisha cherehani. Ticha akaingia nyuma ya kamera na gauni lake la kijani, na Mkasi akasimama mbele ya ukuta wa buluu, jasho linamtiririka shingoni.

"Siku moja nilinunua mwavuli kwa bei ya mara mbili," alianza. "Kabla ya hapo sikuwahi kununua mwavuli hata kwa nusu bei. Sheria ya mahitaji haikuvunjika. Inasema watu hupunguza kununua bei ikipanda, mambo mengine yote yakibaki vilevile. Siku ile hayakubaki. Mvua ilinyesha, na..." Alisita. "Na kulikuwa na mtu niliyetaka kumsindikiza."

"Endelea," Ticha alisema. Sauti haikuwa kavu tena.

"Somo limekwisha. Lililobaki ni langu. Ticha, nataka tuoane."

"Mambo mengine yote yakibaki vilevile?" Ticha aliuliza kama msimamizi wa mtihani.

Mkasi alijua anapimwa, na kwamba hapo hapakuwa na kurudia.

"Hapana. Hata yasipobaki. Na nikikosea nitakuambia siku hiyohiyo. Sitangoja Ijumaa."

Ticha akajifanya anarekebisha kamera. Nyuma ya pazia kukasikika kikohozi, kisha sauti ya mama.

"Mkwe wangu, mpe jibu lake, liwe zuri au baya. Nina gauni la watu hapa."

Ticha akainua uso kutoka kwenye kamera. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyafuta.

"Nimekubali, Mkasi," alisema, na jina hilo alikuwa hajalitamka kwa wiki tatu.

Cherehani ikaanza kunguruma hapohapo. Video ya masahihisho ilitoka na dakika nne na nusu, na wanafunzi waliitazama hadi mwisho. Kipande cha posa Ticha aliruhusu kikatwe, ila alikaa ubavuni mwa Mkasi akisimamia, na kilipokatwa akakichukua yeye, akakihifadhi kwenye simu yake.