Nani Amenitazama

Ujumbe uliingia saa tatu na dakika nne asubuhi.

"Birika linachemka. Narva, saa sita."

Ulikuwa umenaswa kwenye simu ya mtu mwingine, ukapitishwa kwa Leelo Vaher. Alikuwa anakimbia.

Katika kituo cha Balti, Tallinn, treni ya rangi ya chungwa ilikuwa imekwisha kupiga kengele ya mwisho, na milango ilikuwa inafungana. Aliingiza buti la kushoto. Mlango ukalibana, ukasita, ukaliachia. Akaingia, akapangusa theluji mabegani, akaketi kama mtu anayekwenda kumjulia hali shangazi yake.

Viti vitatu mbele yake aliketi Margus Pihlak, karani wa ofisi moja ya kumbukumbu za wakazi. Koti la kijivu. Saa ya Casio. Hakuwa na begi. Alichokuwa nacho ni fungu la matawi ya mbetula lililozungushiwa gazeti, matawi yale ambayo watu hujichapia ndani ya sauna, bafu la mvuke, ili damu ichangamke. Alikuwa amelipakata.

Leelo akagusa kifaa kilichojificha sikioni mwake, kidogo kama punje ya dengu.

"Niko nyuma yake."

"Ana silaha?" aliuliza Mkuu wa idara yao ya ujasusi.

"Ana matawi."

"Huu si wakati wa mzaha."

"Wala mimi sifanyi mzaha, Mkuu."

Treni ikaondoka.

Saa mbili kabla ya hapo, Leelo alikuwa jikoni kwa Mzee Endel Raudsik, mhandisi mstaafu aliyeendesha tovuti ndogo kwa seva iliyokaa chini ya ngazi za nyumba yake. Kupitia tovuti hiyo, akina mama wa nchi jirani, ng'ambo ya mto wa mpakani Narva, waliuliza habari za wana wao waliopelekwa vitani. Huko kwao, kuuliza ni kosa la kumfunga mtu. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza ulibeba ahadi: Hatuandiki nani ameingia hapa.

Kwa miaka sita ahadi hiyo ilikuwa kweli.

Kisha seva ikaugua. Ili kuutafuta ugonjwa, mzee akaiamuru imwandike kila aingiaye. Akaitibu, akafurahi, akasahau kuifuta amri. Kwa siku kumi seva iliandika kila kitu: nani, ukurasa gani, dakika gani, kutoka kompyuta ipi. Wanawake mia nne na kumi na wawili.

"Nimewadanganya, binti," alisema mzee. "Sikukusudia. Lakini uongo hauulizi nia."

Tayari alikuwa ameifuta kumbukumbu ile. Tatizo ni kwamba mtu alikuwa amekwisha kuinakili.

"Umemjuaje?" aliuliza Leelo.

"Kila asubuhi, kabla ya kahawa, hutazama nani amenitazama."

Katika kumbukumbu za wakazi, karani akifungua faili la raia, jina la karani hubaki pale, na raia hulisoma kwenye simu yake. Jana yake, Jumamosi adhuhuri, Margus Pihlak alikuwa ametafuta anwani ya Mzee Endel bila sababu yoyote ya kikazi. Jioni yake mzee alikuwa saunani, kama Jumamosi zote za maisha yake. Aliporudi, kitasa kilikuwa kimevunjwa.

"Alidhani sisi wazee hatusomi," alisema Endel. Kisha sauti ikamshuka. "Kuna mmoja huingia kila alfajiri, saa kumi na mbili kamili. Huuliza jina moja tu, la mwanawe. Simjui. Orodha ikivuka mto, wao watamjua."

Sasa misitu ilikuwa inapita dirisha la treni, na Leelo alikuwa akipanga aliyoyajua. Simu ya Pihlak ilikuwa imenaswa: nakala moja, mnunuzi mmoja. Lakini nakala iko wapi?

Treni ikatikisika. Mkono wa Pihlak ukalikaza fungu.

Leelo akatabasamu kidogo. Nani hubeba matawi kilomita mia mbili, ilhali huuzwa mlangoni pa kila bafu?

"Mkuu, Jumapili Narva wana mabafu mangapi ya umma yaliyo wazi?"

"Moja."

"Nataka gari kituoni na askari wawili mlango wa nyuma wa bafu hilo."

"Na mnunuzi?"

"Atakuwa ndani, uchi kama wenzake. Ndiyo sababu wamechagua sauna. Hakuna pa kufichia kinasa sauti."

Pihlak alitembea kwa miguu kutoka kituoni. Leelo alipanda Skoda.

Pihlak aliposukuma mlango wa bafu, dada aliyevaa aproni nyeupe alikuwa nyuma ya meza, kando ya ndoo ya maji ya moto. Wazee watatu wenye mataulo viunoni walikuwa wakisubiri matawi yao yalainike. Kwenye benchi la mwisho mtu mwenye mabega mapana alikuwa akitazama ukuta.

"Nipe nikulowekee, kaka," alisema Leelo.

"Yaache."

"Hivi hivi, makavu?"

"Napenda makavu."

Mzee mwenye kitambi akageuka taratibu.

"Mmemsikia? Anapenda makavu."

"Huyo wa Tallinn," alisema wa pili. "Huko sauna wanaisoma kwenye simu."

"Bwana mdogo," aliendelea mwenye kitambi, "ukijichapa na huo ufagio, majani yote yatanirukia mimi mgongoni. Nikirudi nyumbani, mke wangu atataka kujua nimelala kichaka gani."

Wakacheka mpaka mataulo yakalegea. Mtu wa benchi la mwisho hakucheka. Masikio ya Pihlak yaliiva. Akamtupia mtu yule jicho, na mtu yule akashusha kope mara moja: toa.

"Majani tu," alisema Pihlak. "Kishikio kisiguse maji."

"Upendavyo, kaka."

Tangu bafu lile lijengwe, hakuna aliyewahi kuomba hivyo.

Chini ya meza lilisubiri fungu pacha, kamba ileile, urefu uleule. Leelo akageuka. Sekunde tatu. Akamrudishia fungu bichi linalochuruzika, na kishikio kikavu.

Milango ya mvuke ikajifunga nyuma ya wanaume wale.

Leelo akakata kamba ya fungu halisi la Pihlak, lililobaki chini ya meza. Katikati ya vijiti, flashi nyeusi, ndogo kama ukucha.

Dakika nne zikapita. Mwenye mabega mapana akatoka wa kwanza, mkononi vijiti vilivyopukutishwa, uso unafuka. Akamwona dada wa aproni. Kisha akaiona bastola ya Walther chini ya taulo lililokunjwa.

"Vaa kwanza," alisema Leelo. "Nje kuna baridi."

Pihlak alipotiwa pingu alipata ujasiri. "Hamna ushahidi."

"Ulifungua faili la Mzee Endel. Jina lako liko pale, na dakika yake. Mwenye kutazama ndiye anayeandikwa, Margus. Hukufundishwa kazini?"

Walipoondolewa, kifaa kikanguruma sikioni.

"Orodha unayo?" aliuliza Mkuu.

"Ninayo."

"Usimrudishie mzee. Niletee mimi."

"Ya nini?"

"Wanawake mia nne wenye kinyongo na serikali yao. Hiyo ni hazina, Leelo. Tutawatumia."

"Waliahidiwa kwamba hakuna anayewaandika."

"Waliahidiwa na babu mwenye seva chini ya ngazi. Hii ni amri."

Leelo aliitazama flashi. Mahali fulani ng'ambo ya mto, kesho saa kumi na mbili alfajiri, mama mmoja angeketi tena kuuliza jina moja.

Akafungua mlango wa jiko la sauna. Akaitupa ndani. Ilivimba, ikanuka, ikawa tone.

"Orodha imeungua, Mkuu."

Kisha simu ikakatwa.

Kituoni alinunua andazi la kabichi, akasimama akila bila kuvua glavu. Kwa mazoea mapya, akafungua faili lake mwenyewe kwenye simu. Mstari mmoja ulikuwa haujakauka: limefunguliwa dakika sita zilizopita, na jina la aliyelifungua.

Akamwandikia ujumbe mfupi.

"Nimekuona, Mkuu."

Akakitoa kifaa sikioni, akakidondosha kwenye pipa la taka pamoja na karatasi ya andazi, na akapanda treni bila kugeuka nyuma.